Papa wa Oman: Maji ya Baridi na Tijara ya Kale

Ansab, mtaa wa wilaya ya Bausher katika jiji la Maskati, hauna bandari wala ufuo. Umekaa nyuma ya tambarare ya pwani, karibu na vilima vya mawe, na mpita njia ayaonaye magari ya barabara kuu na nyumba nyeupe zilizotapakaa huku na huku angedhani kwamba wenyeji wake hawana uhusiano wowote na bahari, isipokuwa labda ule wa kuwatazama heroe na bata na ndege wengine wageni wanaoteremka majira ya baridi katika lile ziwa la Ansab, lililofanywa kwa maji machafu yaliyosafishwa. Lakini atakayebisha hodi karibu na adhuhuri, siku ambayo mama wa nyumba ameroweka papa mkavu tangu asubuhi, atatambua mara moja kwamba bahari imo humu ndani, tena ni ile ile iliyoiunganisha pwani ya Oman na pwani ya Waswahili tangu zama ambazo hazikuandikwa.

Papa huyo, ambaye katika soko la Matrah huombwa kwa jina la awal, hupikwa kwa mapishi mawili yanayokaa katika nyumba moja bila ya kugombana. Mwenye asili ya Batina au Sharqiya humwosha kwa maji ya moto mara mbili au tatu mpaka chumvi na mchanga vimtoke, akamchambua nyuzi nyuzi, akamchanganya na kitunguu, ndimu na pilipili, akamla kwa wali. Na yule aliyelelewa Unguja au Pemba, ambaye aila yake ilikuja Oman baada ya Mapinduzi ya 1964 au baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, humbanika kwanza juu ya makaa, kisha akamtia katika tui zito pamoja na bilingani, bamia na vipande vya embe mbichi, na mchuzi huo huliwa kwa wali au kwa ugali wa muhogo. Mimi naona kwamba kitoweo hiki kinastahili kuandikiwa tarehe yake, na tarehe hiyo haitatimia ikiwa itataja majahazi na manahodha peke yao, isiyataje maji yaliyowalea papa wenyewe, na hususan isimtaje papa mmoja mdogo, asiyefikia urefu wa mkono wa mtu mzima, aishiye gizani katika vina vya Ghuba ya Oman, ambaye wataalamu wa elimu ya wanyama wamemtia jina la nchi hii wakamwita Iago omanensis. Maana sababu iliyowapa rizki wachuuzi wa papa ndiyo hiyo hiyo iliyompa mdogo huyu umbo lake na makao yake, wala haifai kuisimulia habari ya mmoja bila ya mwenziwe.

Uvuvi wa pwani hii ni wa kale mno. Katika rasi ya Ras al-Hamra, kule Qurum, mahali ambapo mtu wa Ansab hufika kwa gari kwa muda mfupi, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua makaburi na majaa ya wavuvi walioishi hapo yapata miaka elfu sita iliyopita, wakakuta ndoana zilizochongwa kwa gamba la chaza, na mawe ya kuzamishia nyavu, na mifupa ya kasa iliyolazwa pamoja na maiti. Lakini shahidi wa maandishi aliye bora kwetu ni Ibn Battuta wa Tanja, ambaye alifika Mombasa na Kilwa yapata mwaka 1331, akapanda chombo huko Kilwa akavuka bahari mpaka Dhofari, kusini ya Oman ya leo. Alipoondoka Dhofari kuelekea Oman alipita bandari ya Hasik, na huko akawakuta watu ambao chakula chao ni samaki aitwaye lukham, mfano wa papa, hupasuliwa, akaanikwa juani, akawa ndiyo posho yao; na nyumba zao zimejengwa kwa mifupa ya samaki, zimeezekwa kwa ngozi za ngamia. Mtu mmoja, katika safari moja, alizikanyaga ncha zote mbili za njia ambayo papa mkavu angekuja kusafirishwa kwa karne nyingi, naye akayaandika aliyoyaona Hasik kwa maneno machache ambayo mchuuzi yeyote wa Malindi ya Unguja, miaka mia sita baadaye, angeyafahamu bila ya kufafanuliwa.

Kwa nini papa walikuwa wengi pwani ile, hata watu wakaweza kuishi kwao na kuwauza ng'ambo? Jawabu limo katika upepo. Kusi ivumapo kuanzia Juni hata Septemba, majira ambayo watu wa Dhofari huyaita khareef, huyasukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali na pwani ya kusini ya Oman, na mahali pake hupanda maji ya chini, ya baridi, yaliyosheheni rutuba. Hata mvuvi wa Mirbat au wa kisiwa cha Masira, ambaye juu ya nchi kavu hujificha jua, akitia miguu baharini mwezi wa Agosti huona baridi ambayo hakuitarajia. Kwa rutuba hiyo huota mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, ikaliwa na vijidudu, vijidudu vikaliwa na dagaa, na dagaa wakafuatwa na jodari na nguru, na nyuma ya wote akaja papa. Bahari hii, basi, ina neema ambayo bahari nyingi za nchi za joto hazina. Walakini neema hiyo ina upande wake wa pili, kwa kuwa mimea hiyo na viumbe hivyo vifapo huzama, na katika kuoza kwake huimaliza oksijeni iliyomo majini, hata kuanzia yapata mita 100 mpaka kupita mita 1,000 likawako tabaka kubwa la maji ambamo pumzi ni haba mno, na pengine haimo kabisa. Mabaharia wa zamani hawakulijua tabaka hilo, wala hawakuwa na haja ya kulijua, kwa sababu ndoana zao hazikufika huko.

Walichokijua walikijua barabara. Wavuvi kutoka Mahra na Dhofari mpaka Masira, Ashkhara na Sur waliwavua papa kwa ndoana nene na kwa jarife, wakawapasua tangu kichwa hata mkia, wakatoa matumbo, wakaichanja nyama ili chumvi ipenye, wakaianika juu ya mawe na mchanga mpaka ikawa ngumu kama ubao. Mapezi yaliwekwa mbali, yakapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi hata yakafika Uchina. Ini lilichemshwa likatoa sifa, yale mafuta mazito yenye harufu kali ambayo mabaharia huzipaka mbao za jahazi juu ya mstari wa maji, ilhali chini yake hupakwa deheni ya chokaa na shahamu. Kwa hiyo chombo kilichompakia papa katika ngama yake kilikuwa chenyewe kimenyweshwa papa katika kila ubao, na ndiyo maana wazee waliokulia katika mitaa ya Funguni na Malindi ya Unguja husema kwamba msimu wa majahazi ulijulikana kwa pua kabla ya kujulikana kwa macho.

Harufu hiyo si uchafu, kama walivyodhani wageni wengi walioandika juu ya Unguja. Papa hana mfupa, ana gegedu tu. Na ili mwili wake usikaushwe na chumvi ya bahari imzungukayo, huiweka damuni na nyamani mwake urea nyingi, ambayo kwa wanyama wengine hutolewa nje pamoja na mkojo. Akishakufa, vijidudu huigeuza urea hiyo kuwa amonia, nayo ndiyo ipandayo puani. Chumvi na jua huizuia nyama isioze, na maji ya moto ya mpishi huiondoa sehemu kubwa ya amonia, ibakie ile ladha ambayo aliyeizoea utotoni haipati kwa samaki mwingine.

Kaskazi ilipoanza kushika, mnamo Desemba na Januari, majahazi ya Sur, pamoja na yale ya Shihri na Mukalla, yalishuka pwani ya Afrika na tende, chumvi, papa na ng'onda. Na upepo ulipogeuka kuwa kusi yakarudi na boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu, na nazi, na karafuu, na nafaka. Nyumba za kale za pwani ya Oman, ambako miti mirefu ni adimu, ziliezekwa kwa boriti hizo, na upana wa chumba ulikadiriwa kwa urefu wa boriti iliyotoka katika delta ya Rufiji, kwa hiyo mtu wa Sur alilala chini ya msitu wa Waswahili kama vile mtu wa Unguja alivyokula bahari ya Waarabu. Alan Villiers, baharia mzaliwa wa Australia, aliiona tijara hii ilipokuwa bado hai, kwa kuwa mwaka 1938 na 1939 alisafiri katika jahazi la Kuwait liitwalo Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Najdi, kutoka karibu na Aden hata Unguja na Rufiji, akayaandika aliyoyaona katika kitabu chake Sons of Sindbad, ambacho mimi nakihesabu kuwa miongoni mwa shahada bora za safari hizo.

Wala isisahauliwe ni nani aliyekula papa huyu. Tajiri wa Mji Mkongwe alimpenda, lakini hakumtegemea. Aliyemtegemea ni yule ambaye hakuwa na uwezo wa kununua samaki mbichi kila siku, mtumwa wa shamba la mikarafuu kwanza, na baada ya utumwa kuondolewa, mchumaji wa karafuu na mchukuzi wa bandarini, kwa kuwa papa haharibiki, hubebeka, na kipande kidogo hukoleza sufuria zima. Tijara yoyote ya chakula ina ukarimu na ina ukatili wake, na hii ilikuwa na vyote viwili. Nguvu za mikono iliyoipandisha Unguja hata ikawa nchi ya kwanza kwa karafuu duniani zilitoka, kwa sehemu, katika maji ya baridi ya Dhofari na Masira.

Ilikuwa katika miaka ya mwisho ya majahazi makubwa ndipo chombo cha namna nyingine kilipokuja kushusha nyavu zake mahali ambapo jarife halijapata kufika. Sir John Murray, mmoja wa wataalamu waliosafiri katika meli ya Challenger kuizunguka dunia baina ya 1872 na 1876, alipofariki mwaka 1914 aliacha wasia wa fedha kwa ajili ya elimu ya bahari, na kwa fedha hizo serikali ya Misri ikaombwa kuazima meli yake ya utafiti, Mabahiss, iliyojengwa Uingereza mwaka 1930, yenye urefu usiozidi mita 42 hivi. Meli hiyo iliondoka Iskandaria tarehe 3 Septemba 1933, ikarejea tarehe 25 Mei 1934. Mkuu wa wataalamu alikuwa Seymour Sewell, nahodha wake alikuwa MacKenzie, lakini mabaharia walikuwa Wamisri, na miongoni mwa wataalamu walikuwamo Wamisri wawili, Abdel Fattah Mohamed na daktari Hussein Faouzi. Huyu wa pili alirudi nyumbani akaandika juu ya safari hiyo kitabu cha Kiarabu kilichotoka mwaka 1938, akajifananisha na Sindbad wa zama mpya, miaka miwili kabla Villiers hajalichukua jina lile lile kwa kitabu chake. Mabahiss ilivua katika Bahari ya Sham, katika Ghuba ya Aden, katika Ghuba ya Oman, na kadhalika katika maji ya baina ya Unguja na Pemba, ikifuata kwa mashine ile ile duara ambayo majahazi yaliifuata kwa tanga.

Mbele ya pwani ya Arabuni wataalamu hao walikutana na jambo lililowashangaza. Nyavu zilizoshushwa katika vina fulani zilipanda tupu, au zikapanda na tope linalonuka kama mayai yaliyooza, bila ya kiumbe hata mmoja. Walikuwa wameligusa lile tabaka lisilo na pumzi. Na katika Ghuba ya Oman, mahali ambapo maji yalikuwa na pumzi kidogo tu, nyavu zilipanda na papa mdogo wa rangi ya kijivu inayoelekea hudhurungi, mwenye macho makubwa kupita kiasi cha kichwa chake. Alipelekwa London pamoja na maelfu ya viumbe wengine, na huko J. R. Norman, mtaalamu wa samaki katika Makumbusho ya Uingereza, akamweleza na kumtia jina mwaka 1939.

Papa huyu anastahili kutazamwa kwa karibu. Jike lake halizidi sentimita 58 hivi, na dume ni dogo zaidi, lisilopindukia sentimita 37. Pezi la kwanza la mgongoni limesogea mbele sana, likakaa juu ya mapezi ya kifua, kinyume cha papa wengi ambao pezi hilo liko karibu na katikati ya mgongo. Na ubavuni, nyuma ya kichwa, matamvua yake, yaani yale mashavu yanayoichuja pumzi kutoka majini, ni mapana kuliko yanavyotarajiwa kwa samaki wa kimo chake. Matamvua hayo ndiyo ufunguo wa maisha yake yote. Mahali ambapo papa mwingine angezimia, yeye huivuta pumzi iliyobaki, akawinda samaki wadogo, ngisi na pweza ambao nao wamejifunza kuishi kwa uhaba. Hazai mayai, hubeba watoto tumboni, wakilishwa kwa kondo, na kwa uzazi mmoja huzaa baina ya watoto wawili na kumi.

Eneo lake lilipozidi kuchunguzwa, ilidhihirika kwamba baridi yenyewe si sharti kwake. Katika Bahari ya Arabuni, kwenye kina cha mita 1,000, maji yana baridi ya digrii 9 hivi, naye hupatikana kutoka Ghuba ya Oman hata Pakistani na kusini magharibi ya India. Lakini yumo vile vile katika Bahari ya Sham mpaka ndani ya Ghuba ya Akaba, ambako maji ya chini kabisa yana joto la digrii 21 hivi, tena yana chumvi kali, na huko amewahi kutajwa katika kina cha kupita mita 2,000. Anaweza kuishi katika maji ya baridi ya kusi na katika maji ya vuguvugu ya Sham, ilimradi ni mahali penye giza ambapo washindani ni wachache. Kwa nasaba aliwasumbua wataalamu muda mrefu, hata mwaka 1971 Leonard Compagno na Stewart Springer walipomtenga katika jenasi yake mwenyewe, jenasi hiyo ikapewa jina la Iago, yule mfitini katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Othello, kwa jinsi alivyowataabisha walioipanga nasaba yake. Wasomaji waliomfahamu Shakespeare kwa tafsiri za Mwalimu Nyerere watakumbuka kwamba Othello haimo miongoni mwa alizozitafsiri. Ni vyema wajue, basi, kwamba Iago ndiye aliyemwangamiza bwana wake kwa uwongo. Kwa maoni yangu mnyama huyu amedhulumiwa kwa jina hilo, maana hana hila yoyote.

Majahazi makubwa yaliisha nguvu katika miaka ya 1960 na 1970, kwa injini, kwa siasa na kwa mafuta ya petroli. Papa hakuisha sokoni, bali walibadilika walio ndani ya kapu lake. Wataalamu walipozunguka bandari za Oman mwanzoni mwa karne hii kuwahesabu papa walioletwa na wavuvi, kazi iliyochapishwa na Aaron Henderson na wenzake mwaka 2007, walimkuta huyu mdogo wa vina kuwa miongoni mwa papa waliokuwa wakionekana mara kwa mara, pamoja na papa wengine wadogo. Nyavu zimeshuka chini zaidi kuliko jarife la babu zetu, ilhali papa wakubwa wanapungua: papa pingusi, yule mwenye kichwa kama nyundo, ambaye nyama yake nene ilikuwa fahari ya mchuuzi, leo amewekwa na shirika la kimataifa la uhifadhi katika daraja ya walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Papa hao wakubwa huchelewa kubaleghe, hubeba mimba kwa muda mrefu, na bahari haiwezi kuwarudisha kwa kasi ile wanayotolewa. Mdogo wa vina, kwa udogo wake na kwa upana wa makao yake, bado hajafikishwa huko.

Na lile tabaka lisilo na pumzi, ambalo Mabahiss ililigusa kwa nyavu tupu, limepimwa upya. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha East Anglia, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilichoko al-Khoud, si mbali na Ansab, walitangaza matokeo ya vyombo vidogo visivyo na nahodha ambavyo vilizama na kuibuka katika Ghuba ya Oman hata mita 1,000 chini, wakaona kwamba eneo lenye uhaba mkubwa wa oksijeni limekuwa pana kuliko nchi ya Scotland, tena hali yake ni mbaya kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa. Maji yanayopata joto hubeba oksijeni kidogo zaidi, na kwa hiyo tabaka hilo likipanuka kuelekea juu, jodari na papa wakubwa, ambao pumzi zao ni nyingi, husukumwa katika ukanda mwembamba wa maji ya juu, mahali ambapo wavuvi huwafikia kwa wepesi. Huku chini papa mwenye matamvua mapana anabaki na nafasi yake ile ile, na kwa sasa hana mpinzani mkubwa isipokuwa wavu wa vina virefu.